Mwacheni Mzee Abebe Dumu Lake

Wazee wangu wa Tarime na Serengeti, na nyinyi watoto wao mnaosoma haya mkiwa Sirari, Nyamongo, Mugumu, Musoma au Dar es Salaam, neno langu ni moja na sitalizungusha. Nguvu haziwatoki wazee wetu kwa sababu ya miaka peke yake. Zinawatoka kwa sababu tumewanyang'anya mizigo, na wao wamekubali kunyang'anywa.

Tumefanya hivyo kwa mapenzi. Mzee akiinama kuokota kuni, mjukuu anakimbia kumpokea. Bibi akishika ndoo, mkamwana anaichukua kabla haijafika kichwani. Baba aliyekuwa akienda mnadani kwa miguu na kurudi akiswaga ng'ombe, leo anaitiwa bodaboda hata akitaka kumsalimu jirani wa ng'ambo ya pili ya shamba. Kiti kinaletwa, maji ya kunawa yanaletwa, ugali unaletwa. Hiyo ndiyo heshima tuliyofundishwa, na mtoto asiyeifuata huambiwa hakulelewa. Siibezi. Lakini mzee anayekalishwa kitini kutwa, mwaka baada ya mwaka, anadhoofishwa na watu wanaompenda, na ni lazima mtu aliseme hilo kwa sauti.

Fikirini maisha ya mtu aliyezaliwa huku miaka ya 1950. Msichana alisaga wimbi kwa jiwe, amepiga magoti, mabega yakisukuma mbele na kurudi hadi unga utoshe nyumba nzima. Maji aliteka bondeni akapanda nayo, na anayeijua milima ya Tarime anajua kupanda na debe kichwani ni kazi ya namna gani. Kijana alishika plau nyuma ya maksai, akakata miti, akajenga zizi, akachunga mbali na nyumbani. Mwenye kahawa alibeba gunia mgongoni. Hakuna aliyehitaji kuambiwa afanye mazoezi, kwa sababu kutwa yake ilikuwa mazoezi. Kisha mashine za kusaga zikafika vijijini, visima na mabomba yakafika, pikipiki zikajaa kila njia panda. Nayashukuru hayo yote, wala simtakii bibi yeyote arudi kwenye jiwe la kusagia. Ila mwili uliozoea kazi ile haukupewa kazi nyingine badala yake, na hapo ndipo tulipokosea.

Misuli ya binadamu huanza kupungua akiwa bado kijana, baada ya miaka 30 hivi. Hupungua kati ya asilimia 3 na 8 kila miaka 10, na akivuka 60 kasi inaongezeka. Nguvu nazo hushuka haraka kuliko hata unene wa misuli wenyewe, na zinazotangulia kuondoka ni nyuzi za kasi, zile zinazokudaka ukijikwaa kwenye kisiki kabla hujafika chini. Mambo haya hayapigi hodi. Mzee anaanza kuinuka kwa kushika meza, kisha anaacha kwenda shambani, kisha anaacha kwenda kanisani kwa sababu njia ina kilima. Mwishoni unakuja mtihani ambao hatuuzungumzi hadharani, ule wa choo. Vyoo vya vijiji vyetu vingi ni vya kuchuchumaa. Mapaja yakiisha nguvu, mzee hawezi kwenda peke yake, na mtu aliyejenga mji, akaoza mabinti na kuhukumu mashauri, anashikwa mkono na mjukuu wake chooni. Nikiwaambia jengeni mapaja, ninazungumzia heshima ya mtu.

Je, yanajengeka yakishachakaa? Hapa ndipo nataka mnisikilize vizuri. Mwaka 1990 daktari Maria Fiatarone na wenzake mjini Boston, Marekani, walitoa matokeo ya jaribio walilofanya katika makao ya wazee. Hawakuchagua wenye afya. Walichukua watu 10 dhaifu, umri wao ukiwa wastani wa miaka 90, wengi wakiwa na magonjwa, baadhi wakitembelea fimbo. Wakawapa vyuma wainue kwa miguu, siku tatu kwa wiki, na uzito ukawa unaongezwa kila nguvu zilipoongezeka. Hawakupewa uzito wa kuwabembeleza. Walipewa uzito wa kutokwa jasho. Baada ya wiki 8 tu, wale 9 waliomaliza walikuwa wameongeza nguvu za miguu kwa wastani wa asilimia 174. Mtu aliyeanza kwa kuinua kilo 8 alifika zaidi ya 20. Wawili wao waliziacha fimbo zao.

Miaka minne baadaye timu hiyohiyo ilirudia kwa watu 100, umri wa wastani miaka 87, kwa wiki 10. Nguvu za waliofanya mazoezi ziliongezeka zaidi ya maradufu, wakatembea haraka zaidi na kupanda ngazi vizuri zaidi. Wengine katika jaribio hilo walipewa kinywaji cha kuongeza lishe bila mazoezi. Kinywaji peke yake hakikuwasaidia kitu. Tangu hapo tafiti za namna hii zimefanywa kwa wingi duniani na jibu limebaki lilelile: msuli wa mtu wa miaka 90 bado unasikia ukiitwa. Basi mtu wa miaka 65 kule Nyamwaga anayesema "mimi nimekwisha" amejihukumu mapema mno.

Na kinyume chake nacho kimepimwa. Mwaka 2007 yalichapishwa matokeo ya wazee wenye afya njema waliokubali kulala kitandani siku 10 mfululizo. Siku 10 tu! Walipoteza karibu kilo moja ya misuli ya miguu. Pima mwenyewe kinachotokea kwa mzee aliyeugua malaria, akalala wiki mbili, kisha akaambiwa na nyumba nzima aendelee kupumzika hadi mwezi uishe.

Ninalijua jibu mnalonipa. "Mimi nimeshika jembe maisha yangu yote, mazoezi ya nini tena?" Ni hoja ya mtu aliyefanya kazi, na naiheshimu kuliko hoja zote. Lakini jembe lina msimu. Mvua zikikatika na mavuno yakiingia ghalani, kuna miezi ya kukaa, na mwili hauna ghala la kuweka nguvu za mwezi wa tatu zije kutumika mwezi wa nane. Tena jembe linaukunja mgongo mbele saa zote. Halifundishi mguu mmoja kubeba mwili wote, na hicho ndicho kinachohitajika mtu akivuka jiwe mtoni au akipanda pikipiki. Halafu tuulizane ukweli: ni lini mara ya mwisho ulilima heka nzima mwenyewe? Wengi wenu jembe lilishachukuliwa na vijana. Mnasema kwa kumbukumbu za jembe.

Shirika la Afya Duniani linahesabu watu 684,000 wanaokufa kila mwaka duniani kwa kuanguka, na wazee ndio wanaoongoza. Kwetu kuanguka hakuhitaji ghorofa. Unatosha utelezi wa mvua uani, mbuzi aliyekatiza, au kamba ya ndama usiku. Nyonga ikivunjika, mzee anapakiwa kwenye gari hadi Tarime mjini au Hospitali ya Nyerere pale Mugumu, na pengine safari ikafika Bugando, Mwanza. Ng'ombe wanauzwa. Binti anaacha biashara yake aje kuuguza. Na hata mfupa ukiunga, wengi hawarudii kutembea kama zamani. Kuzuia hayo kwa kiasi kikubwa kunawezekana kwa miguu yenye nguvu na mwili uliozoea kujimudu ukiyumba, na mazoezi yake hayana ada.

Basi tuanze. Chukua kiti imara, kisichocheza, ukiegemeze ukutani. Kaa, kunja mikono kifuani, kisha inuka hadi usimame wima, ukae tena taratibu bila kujitupa. Mtu akushikie saa kwa sekunde 30 na ahesabu. Mwanamume wa miaka 65 hadi 69 anatakiwa afikishe angalau mara 12, mwanamke wa umri huo mara 11. Akifika miaka 80 hadi 84, ni mara 10 kwa mwanamume na 9 kwa mwanamke. Ukikosa idadi yako, uko katika hatari ya kuanguka, na hicho si kitu cha kukuvunja moyo, ni mahali pa kuanzia. Kuinuka huko kitini ndiko zoezi lenyewe. Fanya mara 8 hadi 12, pumzika, rudia, pumzika, rudia. Ukiona kiti kimekuwa rahisi, hamia kwenye kigoda, ambacho kiko chini zaidi na kinataka mapaja ya kweli. Kigoda kikiwa rahisi, kumbatia dumu la maji kifuani uinuke nalo. Ikiwa kuinuka bila mikono hakuwezekani kabisa leo, tumia mikono, ila kila wiki uitumie kidogo zaidi.

Kuna kanuni moja tu inayobeba mambo haya yote, nayo ni hii: mzigo lazima uongezeke. Mtu anayeinua kitu chepesi kilekile kwa mwaka mzima hapati nguvu mpya. Uzito sahihi ni ule ambao zile mara mbili za mwisho zinakufanya ukunje uso. Ukifika 12 bila kukunja uso, ongeza.

Vifaa viko uani. Dumu la lita 5 likijaa maji ni kilo 5. Chupa ya lita moja na nusu ukiijaza mchanga inavuka kilo 2, inatosha kuinuliwa juu ya bega. Shika madumu mawili, moja kila mkono, simama wima, zunguka mji mzima polepole bila kuinamisha mabega, na hapo umefanyia kazi vidole, mikono, mgongo, tumbo na miguu kwa pamoja. Tyubu kuukuu ya baiskeli ukiifunga kwenye nguzo na kuivuta kuelekea kifuani inarudisha mabega nyuma, inayanyoosha yaliyokunjwa na jembe. Ukuta wa nyumba nao ni kifaa: simama hatua moja mbali nao, weka viganja, shusha kifua, sukuma. Ukizoea, sukuma kwenye ukingo wa kitanda. Na kila siku, ukisubiri chai ichemke, shika nguzo kwa kidole kimoja usimame kwa mguu mmoja, kisha mwingine.

Pumua wakati wote. Usizuie pumzi unapoinua, maana presha hupanda ghafla. Siku mbili kwa wiki za kuinua mizigo zinatosha kuanzia, na siku tatu ni bora, ukiacha siku ya kupumzika katikati. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unawaambia watu wa miaka 65 na kuendelea hivyohivyo: kuimarisha misuli siku mbili au zaidi kwa wiki, mazoezi ya nguvu na ya kujimudu kusimama siku tatu au zaidi, na juu yake dakika 150 hadi 300 za mwendo kama kutembea kwa haraka. Wana Mara kutembea hatufundishwi. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoka Butiama akatembea kwa miguu hadi Mwanza kuliunga mkono Azimio la Arusha. Lakini msijidanganye kwamba kutembea kunatosha. Kutembea kunaupa moyo na mapafu kazi. Hakumwezeshi mtu kuinua gunia wala kuinuka sakafuni.

Mwenye presha, kisukari au ugonjwa wa moyo aanzie zahanati, apimwe, aeleze anachotaka kufanya. Utaratibu wa hospitali zetu unampa mzee nafasi mbele, tumieni dirisha lenu. Maumivu ya misuli siku inayofuata ni ya kawaida na huisha. Maumivu ya kifua, kizunguzungu, au kiungo kinachovimba, acha palepale uende ukaonwe. Lakini magoti yanayouma kwa uzee si sababu ya kukaa. Goti linashikiliwa na misuli ya paja, na paja likipata nguvu goti hupata nafuu. Mwenye kisukari naye ana faida yake ya pekee, kwa kuwa msuli unaofanya kazi ndio unaochukua sukari nyingi kutoka kwenye damu.

Kuhusu chakula sina mengi. Msuli hujengwa kwa protini, na wazee wengi wanaachiwa ugali mkubwa na mchuzi. Mpeni mzee maziwa ya mgando, dagaa wa Ziwa Viktoria, maharage, karanga, na yai kuku akitaga. Mayai ya kuku huyo yasiuzwe yote sokoni.

Sasa nizungumze na mabibi, kwa sababu najua wapo mtakaowaachia wanaume jambo hili. Mwanamke akishakoma hedhi mifupa yake hupungua uzito haraka, na mfupa nao, kama msuli, huimarika ukibebeshwa. Kwa hiyo nyinyi mnayahitaji haya kuliko hata waume zenu. Mtasema ni aibu, bibi mwenye wakwe kuinuka na kuchuchumaa mbele za watu. Huko Limpopo, Afrika Kusini, Beka Ntsanwisi aliwakusanya mabibi wenzenu wakaunda timu ya mpira wa miguu inayoitwa Vakhegula Vakhegula. Walichekwa mwanzoni. Wakaendelea, wengine wakiwa wamevuka miaka 80, na dunia ikaja kuwatazama. Huko Korogocho, Nairobi, akina shosho, yaani mabibi wa huko, walijifunza mbinu za kujihami wasivamiwe majumbani mwao, wakarusha ngumi na mateke. Hamuhitaji mpira wala ngumi. Fungeni kitenge vizuri, kutaneni nyuma ya nyumba ya mmoja wenu mkiwa watano sita, hesabuni kwa sauti. Ukumbi wa vikoba mnao tayari: kabla ya kuhesabu fedha, inukeni vitini mara 10.

Na wewe mura, kijana wetu unayesoma haya kwenye simu, heshima kwa baba yako ibadilike sura. Msindikize badala ya kumpokea. Mwachie dumu dogo, kuni tatu, kuku wa kuwalisha, ndama wa kumfunga. Ukiwa mjini na unataka kumtumia zawadi, mnunulie kiti imara na viatu visivyoteleza. Na ukipiga simu, pamoja na kumwuliza amekula nini, mwulize ameinuka mara ngapi.

Wilaya hizi mbili, Tarime na Serengeti, zina hazina ambayo wilaya nyingi hazina. Tangu enzi za King's African Rifles, jeshi la mkoloni Mwingereza, watoto wa Kikurya wamekwenda jeshini kwa wingi. Kijana aliyekuwa na miaka 20 Vita vya Kagera vilipoanza mwaka 1978 sasa amevuka 65 na yuko nyumbani na kiinua mgongo chake. Huyu mtu anajua kupanga mstari, anajua kupasha mwili moto, anajua kumwongezea kuruta mzigo kidogo kidogo hadi aweze. Ujuzi huo umelipiwa na taifa, na umelala barazani. Katika kila kata wapo wastaafu wa jeshi, wa polisi, wa magereza, na walimu waliowahi kuongoza mchakamchaka alfajiri. Hakuna haja ya kusubiri mkufunzi kutoka Dodoma. Hata ngoma ya ritungu, ambayo wachezaji wake huruka wakiwa wamevaa viatu vizito vya mbao, inatuambia kwamba kuinua uzito kwa miguu kwetu kulikuwa furaha, na wazee wanaoijua waalikwe waicheze bila kusubiri wageni wa serikali.

Mwezi Desemba 2016, Samia Suluhu Hassan akiwa Makamu wa Rais alizindua kampeni ya kitaifa ya mazoezi na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa kwa kazi hiyo. Zanzibar nayo ina Siku ya Mazoezi kila Januari mosi. Sisi hatuhitaji tamko jipya. Penye wazee haliharibiki neno, lakini mzee hana budi afike penye neno kwa miguu yake mwenyewe. Kwa hiyo nawaomba mabaraza ya wazee ya vijiji na kata zote, kuanzia Sirari hadi Robanda, yaweke ajenda hii kwenye kikao kijacho. Wenyeviti wa vijiji, toeni uwanja wa shule kwa saa moja, siku mbili kwa wiki. Wahudumu wa afya wa jamii, njooni na kipimo cha presha. Wastaafu wa jeshi, vaeni viatu, mtangulie mbele, mpange watu mistari, mzee kando ya mzee, bibi kando ya bibi, kila mmoja na kiti chake. Anzeni Jumamosi hii.